Wafadhili Mia Nne na Kumi na Wawili

Jumatatu, 2 Machi

Chama chetu cha wakulima wa viazi, Kibirichia, kinatafuta Afisa wa Mitambo. Kazi ya kudumu. Meza yake, kiti chake, ufunguo wake. Mimi ni karani wa muda, mwaka wa tatu sasa. Kiti ninachokalia ni cha ghala. Kila Alhamisi, siku ya mizani, wanakuja kukichukua.

Mama Ruguru, mwenyekiti, alitangaza saa tatu na dakika kumi. Shida ni mbili. Kwanza, kompyuta zetu saba, zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, hazijasasishwa tangu aliyeziweka ahamie ng'ambo. Pili, wakulima wanatoka Ntumburi na punda, kuna Alhamisi wanakuta mizani imefungwa, wanarudi na punda na matusi. Anataka ukurasa wa mtandao unaosema jambo moja: leo mizani iko wazi, au imefungwa. Pesa hakuna. Kwa hiyo programu ziwe huria, zile za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua ndani, kuzirekebisha na kuzigawa. Atakayelinganisha vizuri zaidi hizo programu ifikapo Ijumaa tarehe 13, kazi ni yake. Nafasi ya karani wa muda itafutwa mwisho wa mwezi.

Nikikosa, narudi kwa kaka yangu. Ana ekari mbili na jembe la ziada. Hilo jembe ameshalitaja mara mbili tangu Krismasi.

Waombaji ni wawili tu. Mimi na Rashid, fundi wa simu aliyetoka Majengo, Meru mjini, mwenye kibanda karibu na bucha ya Mbaabu. Ana miaka ishirini na tisa. Mimi nina hamsini na mmoja, na nilifanya kazi ya habari redioni miaka kumi na moja. Niliripoti ugonjwa wa viazi bila kulima viazi. Mwandishi hahitaji kuelewa. Anahitaji pande mbili na muda wa kufunga habari.

Nina pande mbili. Nina muda. Kazi ni yangu.


Jumanne, 3 Machi

Utafiti. Saa mbili hadi saa saba, bila chai.

Programu za kusasisha mashine ni nyingi. Nimechagua mbili. Majina yake ni ya Kizungu na kamati haitakubali kuyatamka, kwa hiyo nimezibatiza. Ya kwanza inasasisha kila kitu yenyewe, haiulizi mtu, halafu inazima mashine na kuiwasha tena. Nimeiita Mlinzi. Ya pili inakuonyesha orodha ya mabadiliko, inangoja uisome na ukubali, na ukitaka inarudisha mashine ilivyokuwa. Hiyo ni Karani. Nimeipenda kwa jina tu.

Za kutengeneza ukurasa pia mbili. Moja ni kubwa, ina kila kitu. Trekta. Nyingine unaandika maneno yako kwenye faili moja, yanatoka yalivyo. Jembe. Hiyo sikuisoma hadi mwisho. Neno lenyewe sitaki kulisikia.

Nilijaribu kufungua Karani ndani, kwa sababu wanasema inaruhusiwa. Nilikuta mistari elfu kumi na nane. Nikasoma sita. Nikafunga.

Alasiri nilipeleka simu yangu kwa Rashid, ati kioo kinasumbua. Mpango: kumchimba bila yeye kujua. Haukuhitaji jembe. Nilipotaja masasisho tu, aliweka bisibisi chini akanieleza kila kitu kwa dakika arobaini. Alichora hata picha. Alisema kwa ofisi kama yetu ni Karani na Jembe, basi. Akasema Mlinzi ni nzuri mahali ambapo hakuna foleni ya watu. Akaonya nisiwahi kuziweka Mlinzi na Karani kwenye mashine moja, zitapigana. Kioo hakukigusa. Alisema hakina shida.

Nimefikiria jambo hili hadi saa mbili usiku. Kwa nini mpinzani anitolee siri zake zote bure? Hakuna sababu, isipokuwa moja. Ni uongo. Kwa hiyo ukweli ni kinyume chake. Trekta, na Mlinzi na Karani pamoja.

Nimemshinda kabla hajaanza.


Alhamisi, 5 Machi

Siku ya mizani. Nimechagua mashine ya Carol, karani wa mizani, kwa kuwa ndiyo yenye kazi nyingi na jaribio lazima liwe la kweli. Carol aliuliza kama lazima iwe leo. Nilimwambia habari haingoji.

Saa mbili na nusu niliweka Mlinzi. Salama. Saa mbili na dakika arobaini nikaweka Karani. Ikatoa onyo, na kwa Kiswahili kizuri ajabu: “Kuna programu nyingine inayosimamia mashine hii. Tafadhali usiendelee.” Nilifurahi kuona lugha yetu imefika huko. Nikabonyeza Endelea.

Yaliyofuata, kwa mpangilio.

Saa tatu: Mlinzi ikasasisha mashine, ikaizima, ikaiwasha. Foleni watu kumi na wanne.
Saa tatu na robo: Karani ikaona mabadiliko ambayo hakuna mtu aliyeyakubali, ikayarudisha. Ikazima, ikawasha. Foleni ishirini na sita.
Saa tatu na nusu: Mlinzi ikaona mashine imebaki nyuma. Ikasasisha. Ikazima.
Saa nne kasoro robo: Karani tena.

Mashine ikaendelea hivyo hadi saa saba, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kichapishi cha risiti kilitoa karatasi mita tatu, tupu. Foleni ilifika watu arobaini na watatu na punda kumi na wanane. Mvua ikaanza. Carol alitoa daftari la zamani akaandika risiti zote kwa mkono. Mzee mmoja kutoka Ntumburi aliuliza huyu anayesimama nyuma ya Carol na saa mkononi ni wa nini. Carol akamjibu kwa Kimeru. Wote walicheka, hata waliokuwa wamelowa.

Hatimaye Carol alichomoa waya ukutani.

Matokeo: sare. Sijui programu ipi ilikuwa ikishinda. Nimeandika zote mbili zimeshinda.


Ijumaa, 6 Machi

Niliitwa na Mama Ruguru. Alitaka kujua nini kilitokea jana. Nilisema jaribio. Aliuliza jaribio la nini. Nikasema ndilo tunalolitafuta.

Akasema Rashid amepita asubuhi, ameondoa programu zote mbili kwenye mashine ya Carol, akaiacha ilivyokuwa, na hakutaka hata chai. Nilimwomba aone jambo lilivyo. Mtu anakuja kurekebisha ofisi ya watu kabla hajaajiriwa. Si ajabu?

Akaniambia niende.

Nina wasiwasi kidogo, lakini nina Trekta.


Jumapili, 8 Machi

Trekta ni kitu kikubwa. Ili kuandika maneno “Mizani iko wazi” inahitaji kwanza kupakua vipande elfu moja mia mbili na sita vilivyoandikwa na watu wengine. Sijui vinafanya nini. Kimoja kazi yake ni kuangalia kama namba ni witiri. Nilikiacha. Mizani ina namba nyingi.

Nilimaliza Jumamosi alasiri. Kwenye kompyuta ukurasa unapendeza. Kuna picha ya Mlima Kenya inayotembea polepole, jua linachomoza, halafu viazi vinaanguka kutoka juu, kimoja kimoja, halafu ndipo maneno yanatokea. Kaari, mke wangu, aliangalia hadi mwisho. Akasema:

“Baba Makena, huyu mwenye punda atangoja viazi vimalize kuanguka?”

Kaari si mtaalamu.

Leo baada ya ibada nilimwonyesha Mbaabu, mwenye bucha, mjumbe wa kamati na mtunza daftari la wafadhili. Alifungua kwenye simu yake mwenyewe. Kikatokea kiduara, kikazunguka. Tulisimama nje ya kanisa dakika kumi na moja. Watu wote wakaenda. Kiduara kiliendelea. Mbaabu akasema ni alama nzuri, rahisi kukumbuka, ila chama kina alama yake tayari, ya kiazi.

Ukurasa wa Rashid, Mbaabu alisema, ni karatasi nyeupe na neno moja. Unafunguka hata kwenye kabambe ya mamake, ile simu ndogo ya vitufe. Nilimuuliza kama chama kikubwa kama hiki kinataka kujulikana kwa karatasi nyeupe. Alisema atafikiria. Nadhani nimepanda mbegu.


Jumanne, 10 Machi

Siku kubwa. Kila kitu kimegeuka.

Kamati ilikaa kutusikiliza sote wawili, kikao cha awali. Rashid alianza. Akasema Karani na Jembe, kama alivyoniambia. Kumbe hakudanganya! Sielewi alikuwa anapata faida gani.

Nilikuwa najiandaa kushindwa ndipo Mbaabu akainua mkono. Aliuliza hizi programu zinatoka kwa nani. Rashid akasema ni za bure. Mbaabu akasema bure amesikia, amemuuliza ni nani.

Lazima nieleze, maana mjukuu wangu huenda akasoma hapa. Mwaka 2017 chama hiki kilipokea tangi la maji la bure. Wiki iliyofuata mtu alikuja kulichora uso wa mgombea, meno yote yakionekana, na wakulima wakachota maji chini ya meno hayo miaka mitano. Kabla ya hapo zilikuja mbolea za bure, na mwenye mbolea akaja kudai kura mpaka kwenye matanga. Ndipo ikapitishwa kanuni. Hakuna kitu cha bure kinachoingia chamani bila jina la anayetoa kuandikwa kwenye daftari la wafadhili, kisha jina kusomwa mbele ya kikao, mwenyewe asimame aonyeshe kitambulisho, apigiwe makofi na apewe gunia la viazi. Akishapewa gunia, hatudaiani.

Rashid alieleza kwamba programu huria haina mwenyewe mmoja. Watu mamia wameiandika, kila mmoja kipande chake, na hawataki chochote.

Mbaabu alimwangalia kwa huruma. “Kijana wangu. Uchaguzi ni mwaka ujao. Kitu cha watu wote ni cha mtu fulani ambaye bado hajajitokeza.”

Kamati nzima ikaitikia. Hata Mama Ruguru aliandika kitu.

Hapo nikasimama. Sijui nilipata wapi utulivu. Nilisema mimi, kama mwandishi, siwezi kuleta kitu mbele ya kamati bila chanzo chake. Nikaahidi kwamba Ijumaa nitaleta majina ya wote waliotoa Karani, kila mmoja. Mbaabu alinipa mkono. Akasema huyu sasa ni mtu wa ofisi.

Kwamba Karani peke yake ni chaguo la Rashid, na mimi nilitaka iwe pamoja na Mlinzi, hakuna aliyekumbuka. Hata mimi nilikumbuka nikiwa njiani. Haidhuru. Atakayeleta majina ndiye mwenye programu.


Alhamisi, 12 Machi

Majina yapo. Kila programu ya namna hii ina faili la waliochangia. La Karani lina watu mia nne na kumi na wawili. Daftari la wafadhili halikubali karatasi iliyochapwa, ni kwa mkono tu, kwa wino, kila jina na mahali anapotoka. Nilianza jana saa mbili asubuhi.

Baadhi ya majina ni marefu kama mstari mzima. Mengine si majina. Mmoja anajiita kwa tarakimu tano. Mwingine ni picha ya samaki. Nimemchora.

Mahali wanapotoka faili halisemi. Nimetumia akili. Jina likiwa na konsonanti nyingi, Ulaya. Likiwa fupi, Uchina. Samaki nimemweka Kisumu.

Mkono umevimba. Sisomi tena, nanakili tu. Kaari alipita akaniuliza hawa watu wote watakuja kuchukua viazi? Nilimwambia huo ni utaratibu wa kamati, si wangu. Akahesabu kwa sauti. Magunia mia nne na kumi na mawili. Akasema ghala halina magunia hayo. Nikasema hawatakuja. Akauliza, sasa kama hawatakuja, utakuwa umemwonyesha Mbaabu nini?

Sikuwa nimefika hapo. Lakini nilikuwa kwenye jina la mia tatu na tisini, mtu haachi.

Nimemaliza saa kumi na moja na dakika tano. Kurasa kumi na tisa. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.


Ijumaa, 13 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kikao kilifunguliwa kwa maombi saa nne. Niliweka daftari mezani. Mbaabu alipima uzito wake kwa mkono, akainamisha kichwa kwa heshima. Mama Ruguru aliuliza kama tunaweza kupokea majina yote kwa pamoja. Mbaabu akasema kanuni ni kanuni, kila jina linasomwa, na tunangoja kidogo mwenyewe asimame.

Akaanza. Anasoma jina, anainua macho, anaangalia mlangoni, anasubiri, anaweka alama. Baada ya saa moja tulikuwa kwenye sabini. Wajumbe wawili wakalala. Carol akaleta chai. Kwenye samaki Mbaabu akaniuliza anamsomaje. Nikasema kama alivyo. Akasema, “Samaki, wa Kisumu.” Tukaangalia mlango.

Mia moja na themanini. Mia mbili na hamsini. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilikuwa nachagua mahali pa kuweka meza yangu, karibu na dirisha.

Mia mbili na themanini na saba. Mbaabu akasoma, “Rashid Khalifa. Wa Uarabuni.” Akainua macho, akaangalia mlangoni.

Rashid akasimama pale alipokuwa, kwenye benchi la nyuma.

Alisema hakutaka kuleta maneno, lakini jina lake likisomwa hawezi kukaa. Alieleza kwamba miaka miwili iliyopita, siku ambazo kibandani hakukuwa na wateja, aliyatafsiri maneno yote ya Karani kwa Kiswahili akayatuma kwa wenzake huko, nao wakayapokea. Ndiyo maana yumo. Lile onyo nililolisifu kwenye mashine ya Carol, “Tafadhali usiendelee,” ni sentensi yake.

Mbaabu alifunga daftari kidole kikiwa ndani. “Na ulipoulizwa hapa juzi ni nani anatoa, kwa nini hukusema?”

“Mzee, uliuliza mwenye programu ni nani. Mimi si mwenyewe. Nilisaidia tu.”

“Kitambulisho unacho?”

Alikuwa nacho. Mbaabu alikigeuza mbele na nyuma, akakipitisha kwa kamati nzima, kila mtu akakishika. Waliolala wakaamshwa wakakishika. Mama Ruguru alimuuliza kama anagombea kiti chochote mwaka ujao. Akasema hapana. Akamuuliza kama atachora uso wake kwenye kompyuta. Akasema hapana. Makofi yalipigwa ambayo sijawahi kuyasikia kwenye jengo hili. Waliobaki, mia moja na ishirini na watano, pamoja na wote wa Jembe, walipokelewa kwa azimio moja.

Kisha wakaamua. Karani na Jembe. Afisa wa Mitambo ni Rashid. Mama Ruguru alinishukuru kwa kazi ya kuthibitisha sifa za mwenzangu kwa maandishi. Alisema hakuna aliyewahi kufanyiwa hivyo na mpinzani wake. Imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Jina hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu. Hata Uarabuni niliandika mimi.

Rashid alinifuata nje. Aliniambia, “Mzee Mutegi, una mwandiko mzuri.” Nadhani hakuwa ananitania. Hilo ndilo linalonichanganya zaidi.


Jumatatu, 16 Machi

Rashid ameomba nibaki hadi Juni kama msaidizi wake. Kazi moja: kila Jumatano Karani inaleta orodha ya mabadiliko, niisome yote, ndipo nibonyeze Kubali. Kaka yangu amepigiwa simu, amesema jembe halina haraka.

Lakini nimechambua jambo hili kwa makini mwisho wa wiki, bila hasira, na nimegundua kosa liko wapi. Haikuwa Mlinzi, haikuwa Trekta. Rashid alipata kazi kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha. Basi. Ninachohitaji ni orodha.

Leo saa mbili nilianza kutafuta. Programu nyingi haziingiliki, wanataka kuona ulichofanya. Saa tatu na dakika ishirini nikapata moja ambayo haijaguswa miaka tisa. Ina mchangiaji mmoja tu. Nilimwandikia kwa heshima, nikamwambia nina uzoefu wa miaka kumi na moja katika habari na ningependa kusaidia. Alijibu baada ya dakika nne. Alisema amekuwa akingoja barua hii muda mrefu. Hakuniongeza kwenye orodha. Amenikabidhi programu yote, na funguo zake, na maswali mia tatu na sita ya watumiaji ambayo bado hayajajibiwa. Ananitakia kila la heri. Jina lake ameliondoa mwenyewe.

Kwa hiyo mimi sasa si msaidizi wa mtu. Mimi ndiye mwenyewe, mmoja, mwenye kitambulisho, mkazi wa Kibirichia. Mbaabu hatakuwa na swali hata moja.

Inafanya kazi gani sijajua. Maelezo yake ni ya Kijerumani. Ila orodha ya Karani ilifika leo, kabla ya siku yake, na kwa kuwa nilikuwa na shughuli nimebonyeza Kubali bila kuipitia. Halafu nikaiweka programu yangu kwenye kompyuta zote saba, ili Alhamisi, siku ya mizani, tuilinganishe na Karani.